Yangeyange kwenye Sanda

Herufi za Kizungu nilijifunza kwenye madebe ya mafuta ya taa. Chuoni kwetu, kijiji cha upande wa Mbwara, tuliandika Kiarabu juu ya ubao kwa wino wa masizi, na mwalimu alikuwa akinisifu mkono. Zile nyingine hakuna aliyetufundisha. Nilizikuta ubavuni mwa madebe, kwenye makopo ya majani ya chai, kwenye viberiti. Nilizichora kabla sijajua kuzisoma. Niligundua kwamba ile ya mviringo haina unene mmoja: ni nyembamba juu na chini, nene ubavuni, na mtu akichorewa yenye unene mmoja ataiona nzito tu, hatajua kwa nini. Jambo hilo sikuambiwa na mtu. Nililipata kwa kupima na ukuti, peke yangu, na nilifurahi kama aliyeokota kitu njiani, nikatazama huku na huku kama mwenyewe yupo.

Nilipohamia Kibiti kwa mjomba wangu, watu walishaanza kuniita fundi chapa. Nilikata bati la debe, nikatoboa herufi, nikapitisha rangi juu yake kwenye magunia ya mpunga. Nilichora mabango ya maduka na ya migahawa. Kazi haikuwa nyingi, lakini ilikuwa yangu, na pale Kibiti hapakuwa na mwingine aliyeifanya.

Lazima niseme nilivyo. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikimaliza bango, alfajiri narudi kulitazama kabla duka halijafunguliwa, na nikiona herufi imekaa chini kidogo kuliko mwenzake, situlii mpaka jioni. Kibaya zaidi, siwezi kusifiwa. Mtu akisema, "Fundi, bango limependeza," mdomo wangu unamjibu wenyewe, "Ile ya nne imepinda." Mjomba alinikanya mara nyingi. "Mteja hana jicho lako," alisema. "Ukimwonyesha kasoro, umemuuzia kasoro." Nilimwelewa vizuri. Sikuacha.

Vita vya pili vya Wazungu vilipokolea, nguo ziliadimika. Marekani, ile nguo ya pamba isiyopaushwa, ililetwa kwa kibali cha serikali, na kila mwenye duka aligawiwa majora machache. Watu walivaa magunia. Nilijua nyumba moja karibu na kwetu ambayo wanawake wake walikuwa na kanga moja ya kutokea nje; mmoja akirudi kisimani, ndipo mwingine anatoka kwenda shamba. Hakuna aliyewacheka, maana kila mtu alijua kwake kuna nini.

Wakati huo ndipo tajiri mmoja wa Kibiti aliponiita. Alikuwa mnunuzi wa mpunga na pamba, mwenye duka pale mjini na jingine Salale, huko deltani. Alinikalisha juu ya gunia akanieleza shida yake. Nguo zake zikifika visiwa vya huko zilichanganywa na za magendo, mbovu, zikauzwa kwa jina lake.

"Vita vitakwisha," alisema. "Nguo zitajaa kila mahali. Siku hiyo nataka mtu wa Salale akiingia duka lolote asiulize marekani. Aulize nguo yangu."

Sikuwa nimewahi kusikia mtu akiizungumzia nguo ambayo bado haijafika kana kwamba tayari ina sura na jina. Nilimwuliza kama anataka jora liwe na chapa.

"Jora lina chapa ya kiwanda mwanzoni. Mwenye duka akikata upande wa kwanza, kipande cha shuka moja, chapa imekwenda. Mimi nataka kila upande anaonunua mtu uwe nayo. Na isitoke."

"Isitoke kabisa?"

"Ifuliwe mpaka nguo iishe."

Nilichagua yangeyange, yule ndege mweupe mwenye shingo ndefu. Kila mtu wa bonde la Rufiji anamjua, anashinda kwenye mashamba ya mpunga, anakanyaga tope kutwa na hachafuki. Nilimchora amesimama kwa mguu mmoja, shingo imepinda mara mbili, mdomo mwembamba kama mwiba. Shingo ilinitesa. Nilikwenda mashambani nikakaa kwenye tuta nikiwatazama mpaka wenye shamba wakadhani nimetumwa kuhesabu mpunga wao. Nilimchonga kwenye vipande vya mninga, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja nilikiona kibovu nikakitupa jikoni. Mkaza mjomba wangu akipika alikuwa akinipigia kelele kutoka ndani, "Fundi, ndege wa leo ameiva, ulete wa kesho." Yule niliyemkubali hatimaye alikuwa na jicho dogo sana, nukta ndani ya duara, na mtu ukimtazama ulihisi amekuona.

Wino nao niliutafuta mwenyewe. Nilichemsha magome ya mkandaa, yaleyale ambayo wavuvi hupakia nyavu, nikaloweka misumari yenye kutu kwenye siki ya nazi, nikachanganya, nikatia utomvu wa mkorosho ili usitambae kwenye nguo. Kipande cha majaribio nilikifua kwa sabuni, nikakifua kwa maji ya majivu, nikakipiga juu ya jiwe, nikakianika. Ndege akazidi kuwa mweusi. Nilicheka peke yangu uani.

Likabaki suala la mahali pa kumweka. Pembeni haikufaa, kwa sababu mjanja angeikata pembe. Nikaamua akae katikati ya kila upande, pale ambapo mtu hawezi kumkata bila kuiharibu nguo. Katika mawazo yangu nilimwona mtu amejifunga shuka anapita barabarani, yangeyange yuko mgongoni mwake, na anayemfuata nyuma anamtazama. Kila nilipopanga jambo nilimpangia mtu huyo, naye siku zote alikuwa anatembea.

Tulitangaza kama hapajawahi kutangazwa nguo upande ule. Nilichora mabango ya bati tukayatundika kwenye vivuko na kwenye njia ya Ikwiriri. Tajiri alimpa mpiga mbiu pembe na maneno niliyoyatunga mimi: "Ajuaye nguo aulize yangeyange." Siku ya kwanza sokoni Kibiti mwanamke mmoja aliutandaza upande mpya mikononi akaugeuza.

"Huyu yangeyange mbona wa kijivu? Katoka tope gani?"

"Nguo haijapaushwa, dada. Ndiyo rangi yake."

"Basi si mngechora bata?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikakaa siku mbili nikifikiria kwamba alikuwa na haki.

Baada ya mavuno tajiri akanituma Salale, nikatundike bango kule na kugonga chapa majora yaliyokwisha kufika kabla ya muhuri wangu. Nilisafiri ndani ya mtumbwi uliobeba chumvi, katikati ya mikoko, boksi langu la muhuri na wino nimelipakata. Mimi ni mtu wa nchi kavu, wazee wangu wametoka vilima vya kusini, na kule kila kitu kilinitia hofu: tope lisilo na mwisho, vijito vinavyofanana, watu wanaokwenda kwa jirani kwa chombo. Msimu ule kulikuwa na homa visiwani. Nilisikia kikohozi karibu kila nyumba niliyopita.

Msimamizi wa duka la Salale alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye maneno. Alinitazama nikigonga. Kila upande niliutandaza, nikapima katikati kwa kamba, nikagonga, nikatazama. Jicho likitoka hafifu, nilirudia palepale juu ya alama ya kwanza mpaka likolee.

"Wewe ungekuwa muumba," alisema, "dunia isingekuwa tayari mpaka leo."

Nilipomaliza, hapakuwa na upande hata mmoja dukani usio na ndege, na duka lile ndilo pekee lililokuwa na nguo Salale.

Asubuhi iliyofuata alikuja mkata boriti mmoja. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye mashua ndogo ya kupelekea boriti zake za mikoko kwa wanunuzi. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Kaka, nataka sanda."

Msimamizi akaacha alichokuwa akifanya. "Ya nani?"

"Mama watoto. Alfajiri hii."

Msimamizi akasema yale tunayosema sote mbele ya kifo, akamshika mkono, akamwingiza ndani. Kisha akashusha jora, akalifungua juu ya meza. Yangeyange wa kwanza akatokea, kisha wa pili. Mkata boriti akaweka kidole gumba juu ya ndege, akasugua, akakitazama kidole.

"Hii ina ndege."

"Ni chapa tu, ndugu yangu."

"Naona ni chapa. Lisilo na ndege liko wapi?"

Msimamizi akaacha kulifungua jora. Alinitazama mimi.

Nilingoja aanze kupiga kelele, na ningependa angepiga. Lakini alisema kwa sauti ya mtu anayewaza huku akisema, "Nitakata tanga."

Tanga lake lilikuwa jeupe na zima kuliko nguo yoyote kisiwani. Alilinunua vita vilipokuwa vinaanza. Kila mtu alilijua. Msimamizi alimwambia yale ambayo yeye mwenyewe aliyajua zaidi: tanga jingine halitapatikana mpaka vita viishe, bila tanga boriti hazifiki kwa mnunuzi, na zisipofika, watoto hawali.

"Watoto watakula tope," alisema. "Mke wangu simpeleki na mnyama kifuani."

"Nitawatoa hao ndege," nikasema.

Ndipo aliponiona. "Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyewachora."

Alinitazama kwa muda. Sikuona hasira machoni mwake. "Leo ni bamvua," alisema. "Alasiri maji yatafunika njia ya makaburini, na hayatakupwa mpaka usiku. Siwezi kumlaza ndani na joto hili. Nitakungoja mpaka adhana ya adhuhuri. Baada ya hapo nakata."

Mwanamke huzikwa kwa vipande vitano. Tulivikata palepale, msimamizi na mimi, kwa kipimo cha kibali, kisichoacha ziada ya kumkwepa ndege, na kila kimoja kilikuwa na ndege wake katikati, kama nilivyotaka. Nilitoka navyo uani nyuma ya duka. Kutoka pale niliiona mashua yake imeegeshwa, na baadaye nikamwona yeye mwenyewe amelishusha tanga, amelitandaza juu ya nyasi, amekaa kando yake na kisu cha kukatia makuti.

Majirani walileta ndimu na chumvi. Nilisugua ndege wa kwanza kwa nguvu, nikamtia juani. Weusi ukafifia, ukawa buluu, ukawa kijivu, na moyo wangu ukanyanyuka. Kisha ukafika rangi ya chai ukakataa kwenda mbele. Kutu ilikubali ndimu, magome hayakukubali. Nilijaribu maji ya majivu, nikarudia ndimu, nikajaribu kukwangua kwa wembe. Yangeyange alibaki kivuli cha rangi ya chai, shingo ileile, mguu uleule mmoja. Hata mtoto angesema ni ndege. Mikono yangu ilikuwa imechubuka na ndimu inaingia kwenye michubuko, na sikuwa na haki ya kulalamika kwa hilo.

Mwalimu wa chuo cha Kurani cha pale alikuja kutoka kwenye nyumba ya msiba. Alichuchumaa, akaitazama nguo bila kuigusa.

"Huyu bado ni ndege."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mwondoe kichwa."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Akaeleza polepole, kama anavyowaeleza watoto chuoni, kwamba picha iliyokatazwa ni ya kiumbe, na kiumbe hakiishi bila kichwa. Kikiondoka kichwa, kinachobaki ni kama jani au kijiti, hakina neno.

"Na shingo je, mwalimu?" msimamizi akauliza. "Ya huyu ni ndefu."

"Shingo peke yake ni kamba," mwalimu akasema, akainuka, akaenda zake.

Basi nikaanza kukata vichwa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyohisi. Niliacha mabawa, nikaacha miguu, nikashughulikia sehemu ndogo isiyozidi ukucha, kwa ndimu, kwa majivu, kwa ncha ya wembe, uzi kwa uzi. Kwa kuwa kichwa nilikichonga kwa mistari myembamba, wino wake haukuwa mwingi, na cha kwanza kikatoka. Paliachwa doa lisilo na umbo. Nilikitazama kipande kile, mwili wa ndege umesimama kwa mguu mmoja, shingo imepanda juu na kuishia hewani, na nilichokifikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba mizani ya mchoro imeharibika.

Bibi mmoja mwosha maiti alikuwa akija kuchukua vipande kila kimoja kilipokuwa tayari. Alikuwa mzee aliyenyooka mgongo, mikono imekunjamana kwa maji.

"Lete, fundi. Mwenzio anangoja."

"Bado kidogo, bibi. Hapa pana alama."

"Wapi?"

"Hapa."

Akainama. "Mimi sioni kitu."

"Lakini ipo."

"Mwanangu, nimewaosha wanawake wa hapa tangu sijaota mvi. Hajarudi hata mmoja kunilalamikia." Akakivuta kipande mkononi mwangu. "Na huyu hakuwa mgomvi. Lete."

Hivyo ndivyo vilivyokwenda vinne. Wakati huo wote sikumwuliza mtu yeyote jina la marehemu. Nilijua tu urefu wake, kwa sababu nilikuwa nimekata nguo yake.

Kipande cha tano kilikuwa kile cha kumfunika kichwa. Nilipokigeuza nikakitambua mara moja. Kilikuwa katika zile pande nilizozigonga mara mbili kwa sababu jicho lilitoka hafifu. Sasa jicho lilikuwa limeingia ndani ya nguo, nukta ndani ya duara, na ule mdomo mwembamba mbele yake. Nilisugua. Fuvu lilififia, kishungi kikafifia, lakini jicho na mdomo vilibaki, na kadiri vingine vilivyotoweka ndivyo hivyo viwili vilivyozidi kuonekana. Nilikwangua mpaka nikaona nyuzi zinaachana, nikaogopa kutoboa. Nikatia ndimu tena. Kule ufukoni mkata boriti alisimama. Jua lilikuwa limefika utosini. Adhana ikaanza.

Alichukua ukingo wa tanga, akaukunja mara moja, akaweka kisu kwenye mkunjo. Hakukata. Aligeuka akatazama upande wetu.

Bibi mwosha alikuwa ameshafika. "Lete."

"Bibi, jicho bado lipo."

"Maji hayo yanakuja. Lete."

Nikampa. Ningeweza kusema jambo jingine. Ningeweza kumwita mwalimu aone. Ningeweza kumkimbilia mwenye tanga nikamwambia akate kipande kimoja tu, cha kichwani, tanga lingepona kwa kiraka. Hilo nililifikiria baadaye. Pale nilimpa bibi kile kipande kikiwa bado na unyevu wa ndimu, naye akaenda nacho haraka akikipeperusha kikauke. Msimamizi akapunga mkono kuelekea ufukoni. Mkata boriti akakiweka kisu chini, akaanza kulikunja tanga, polepole, kama anayekunja nguo ya mtu mwingine.

Tulipokwenda makaburini maji yalikuwa yameanza kuingia njiani, yanafika kwenye vifundo vya miguu, na wabeba jeneza walitembea kwa kunyata wasiteleze. Kaburi la mwanamke hufunikwa shuka wakati wa kumshusha, watu wasimwone. Niliombwa nishike pembe moja. Nilishika. Chini ya ile shuka wanaume wa nyumba yake walimpokea na kumlaza, nilisikia pumzi zao na udongo ukiporomoka. Watu walikuwa wakimwombea. Mimi nilikuwa nawaza wamekifungaje kile kipande, kama jicho liko nje au limeelekea usoni kwake. Sikumwombea. Nilishika pembe yangu sawasawa, isilegee.

Nilibaki Salale mpaka mwezi mwandamo. Homa haikuisha, na msimamizi alisema hawezi kuwa na duka ambalo msiba ukitokea halina nguo ya kufaa. Nikaketi uani kila siku nikifuta vichwa kwenye pande zote nilizozigonga. Nilifuta, na watu walikuja wakachukua, wengine kwa ajili ya kuvaa, wengine kwa lile jambo jingine. Bango langu lilikuwa limetundikwa mbele ya duka, yangeyange mzima mwenye kichwa, na wapitaji walilitazama kisha wakanitazama mimi kule nyuma na ndimu zangu.

"Tajiri akiuliza?" nilimwambia msimamizi.

"Mwambie visiwani ndege huuzwa amechinjwa."

Siku ya kurudi, mkata boriti alisema atanivusha yeye. Alikuwa anapeleka boriti, na njia ni moja. Hakutaka nimlipe kitu. Nilikaa katikati ya mashua juu ya boriti, boksi langu magotini, na yeye akakaa nyuma kwenye usukani. Upepo ulikuwa mzuri na tanga likajaa. Alikuwa amekonda. Mara moja alinionyesha kwa kidevu mahali wanapopata kamba wakubwa, na mara moja akaniambia niinamishe kichwa, tanga linageuka.

Tulipotoka kwenye vijito vidogo na kuingia kwenye mto mpana, alisema, "Alizikwa vizuri."

Nililisogeza boksi langu magotini.

"Nilikuwa na hofu siku ile. Nilisema moyoni, mwanamke huyu kaishi kwangu na viraka, nitamzika na kitu cha kumtia aibu. Lakini alizikwa vizuri. Mungu akulipe, mdogo wangu."

Ningesema amina. Ni neno fupi, na lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mtu alikuwa amesifu kitu ninachokijua kina kasoro, na kabla sijafikiri, mdomo wangu ulikuwa umeshamjibu wenyewe.

"Kimoja hakikutoka."

"Nini?"

"Kichwa kimoja. Kwenye kile kipande cha kumfunika kichwa. Jicho lilibaki. Na mdomo."

Mashua iliendelea. Maji yalipiga ubavuni. Sikugeuka nyuma, nilitazama boksi langu.

"Lilionekana?" aliuliza.

"Kwangu lilionekana."

"Liligeukia wapi? Nje, au kwake?"

"Sijui walivyomfunika, kaka."

"Lakini wewe umekishika. Doa lilikuwa upande gani wa nguo?"

"Wino ule unapenya. Liko pande zote mbili."

Alivuta kamba ya tanga kidogo. Nilidhani amemaliza, na kweli nitasema hili pia: nilijisikia mwepesi. Siku zote hizo nililibeba jambo lile na sasa halikuwa tena juu yangu.

"Ungeninyamazia," alisema.

"Niliona unapaswa kujua."

"Hapana. Ulikuwa na mzigo, ukatafuta pa kuutua. Umeutua hapa."

Alisema bila ukali, kama alivyosema kuhusu tanga siku ile dukani. Nilitaka kumwambia kwamba mwalimu pengine angeona hakuna neno, kwamba jicho peke yake si kichwa, kwamba bibi mwosha alikiona kile kipande akakikubali. Yote hayo huenda ni kweli. Lakini nilijua nikiyasema, nitakuwa nasema ili nisamehewe, na yeye ndiye angelazimika kufanya kazi ya kunisamehe. Nikakaa kimya, jambo ambalo lingefaa zaidi punde kidogo kabla.

Tulipofika gatini alifunga kamba, akalipokea boksi langu kwa mikono miwili, akaliweka juu ya ubao mkavu ili lisilowe. Akaninyooshea mkono nishuke.

"Taratibu. Pana utelezi."

Nilimshukuru. Aliitikia kwa kichwa. Alipakua boriti zake pamoja na watu wa pale, akahesabiwa fedha zake, akarudi chomboni. Mimi nilikuwa nimeshalibeba boksi begani kuanza safari ya Kibiti, ambako tajiri alikuwa akingoja kusikia jinsi nguo yake inavyojulikana sasa Salale. Nilisimama kwenye mwinuko nikageuka. Alikuwa amefika katikati ya mto. Upepo bado ulikuwa mzuri, lakini alikuwa ameteremsha tanga, na amekaa ndani ya mashua mikono juu ya magoti, maji yanamchukua. Sikumwita. Jambo pekee alilotaka kujua, jicho lile liligeukia wapi, jibu langu lilikuwa kwamba sijui, na hilo nilikuwa nimeshamwambia.